Nyumba ya wazee inapopakwa rangi ili iuzwe

Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Sala na salamu zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, leo tunazungumzia jambo linalozikuta familia nyingi katika miji yetu, nalo ni kuitengeneza nyumba ya familia kabla ya kuiuza.

Sote tunazijua nyumba za Kiswahili za Kariakoo, Ilala na Magomeni jijini Dar es Salaam: ukumbi katikati, vyumba kila upande, na ua wa nyuma wenye jiko na choo. Mzee aliijenga akiwa na nguvu zake, akalea humo watoto na wajukuu. Leo mabinti wameolewa, vijana wameoa, na wazee wawili wamebaki na vyumba ambavyo hata kuvifagia kunawashinda. Wanaamua kuuza, wanunue nyumba ndogo iliyo karibu na msikiti na mmoja wa watoto wao, na salio liwe akiba ya uzeeni. Uamuzi huo hauna aibu, bali ni busara.

Hapo ndipo anapoingia dalali na ushauri wake: pigeni rangi, wekeni dari ya jipsamu, tandazeni marumaru barazani, bei itapanda. Swali letu ni moja. Je, fedha hizo zinaitengeneza nyumba, au zinayafumba macho ya mnunuzi?

Kuipamba bidhaa si haramu. Kufagia ua, kurekebisha mlango uliolegea na kupaka rangi ukuta ulio mzima ni katika kuiheshimu mali na kumheshimu anayekuja kuiona. Lakini ukuta ulioshambuliwa na chumvi ukipigwa lipu na rangi wakati wa kiangazi, utang'aa kwa miezi michache tu. Masika yakifika, unyevu hupanda, rangi hufanya malengelenge na kubanduka. Dari mpya ikifungwa chini ya kenchi zilizoliwa na mchwa, mchwa hawaondoki. Wanaendelea na kazi yao mahali asipopaona mtu. Huko si kukarabati, ni kuficha.

Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la nafaka, akakuta umajimaji ndani yake. Mwenye mali alijitetea kuwa imenyeshewa na mvua. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi si miongoni mwetu. Tazameni vyema: mvua haikuwa kosa la mtu yule. Kosa lake lilikuwa kuweka kavu juu na mbichi chini.

Vile vile alikataza mnyama aachwe bila kukamuliwa siku kadhaa kabla ya kuuzwa ili chuchu zijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Na aliyenunua kwa hadaa hiyo akapewa haki ya kumrudisha. Imamu Nawawi, katika Minhaj, kitabu kinachosomwa sana na Mashafi wa pwani yetu, amelifananisha na hilo tendo la mtu anayeyazuia maji ya mfereji au ya kinu, kisha akayaachia wakati wa kuuza ili yaonekane yana nguvu. Mwenye nyumba ya mtaa unaopata maji kwa mgao, anayejaza tangi usiku ili asubuhi mnunuzi afungue bomba na kufurahi, ajipime hapo.

Wapo watakaosema: mnunuzi ana macho, akague mwenyewe, sisi tunauza kama ilivyo. Jibu letu ni kwamba macho ya saa moja hayalingani na ujuzi wa aliyelala humo miaka 30, anayejua chumba kipi huvuja na soketi ipi hutoa cheche. Aibu aliyoijua muuzaji akainyamazia haifutwi kwa neno "kama ilivyo".

Wengine watasema kuwa ukweli utashusha bei. Ni kweli, huenda ikashuka. Lakini kiasi kitakachopungua hakikuwa thamani ya nyumba hata siku moja. Kilikuwa gharama ya matengenezo ambayo mnunuzi angekuja kuilipa bila kujua. Na mnunuzi huyo mara nyingi ni mstaafu aliyebeba kiinua mgongo chake chote, au kijana aliyejinyima miaka mingi, na chini ya kenchi zile watalala watoto wake.

Basi ushauri wetu ni huu. Kabla ya ndoo ya kwanza ya rangi, ijulikane nyumba ni ya nani. Ikiwa mzee amefariki, ni ya warithi wote, mjane na mabinti wakiwemo. Ikiwa yu hai na ndiyo makazi ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenza wake. Kisha fedha ianzie pasipoonekana: paa, nyaya za umeme, shimo la maji machafu, ukuta unaovuja. Rangi iwe ya mwisho. Lisilowezekana kutengenezwa litajwe kwa mnunuzi na liandikwe katika mkataba mbele ya mashahidi, kwani Qur'an (2:282) imetuelekeza kuweka mashahidi tunapouziana.

Tena fedha ikipatikana, itangulize makazi mapya ya wazee kabla ya mambo mengine. Katika hadithi iliyopokewa na Ibn Majah, ambayo wanavyuoni wametofautiana kuhusu nguvu ya upokezi wake, imeelezwa kuwa anayeuza nyumba asiiweke thamani yake katika mfano wake hatabarikiwa humo.

Wazee wetu walijenga kwa jasho la halali. Tusiwaache wauze kwa hila katika miaka yao ya mwisho. Tunamuomba Allah (S.W.) atupe ukweli katika kuuza na kununua kwetu, na azitie baraka nyumba tunazoziacha na tunazohamia. Amin.