Posho ya Elimu kwa Polisi Ifuate Kazi

Askari polisi anayepelekwa kituo cha vijijini katika bonde la Kilombero hukuta kazi ambayo bunduki haiwezi kuifanya. Ng'ombe wameingia shamba la mpunga usiku. Mkulima anadai fidia, mfugaji anakana, na vijana wa pande zote mbili wamekwisha kushika silaha. Hapo panatakiwa askari ajuaye kuandika maelezo ya shahidi bila kuyapotosha, kuchora ramani ya eneo la tukio na kutunza vielelezo, tena anayeielewa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Jalada likiwa bovu kesi huanguka, na aliyeikosa haki mahakamani huenda akaitafuta porini.

Kwa hiyo tunaiunga mkono kanuni ya kumlipa zaidi askari aliyejiendeleza. Si haki aliyesoma usiku baada ya lindo kuambiwa kuwa jitihada hizo ni zake binafsi.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Mwaka 1970 jimbo la Massachusetts, Marekani, lilipitisha sheria ya kuwaongezea polisi asilimia 10, 20 au 25 ya mshahara, kulingana na ngazi ya shahada. Baadaye ilidhihirika kuwa vyuo vingine vilitoa shahada kwa urahisi wa kutia aibu, ikabidi masharti yakazwe. Mwaka 2009 hazina ya jimbo ilipobanwa, mchango wake ukapunguzwa sana, ilhali askari walikwisha kupanga maisha yao kwa fedha hizo.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka anayeingia Chuo Kikuu awe kwanza amefanya kazi, na wenzake kazini wamshuhudie. Posho hii nayo ipimwe hivyo: kwa mtihani wa upelelezi na sheria ya ushahidi, na kwa majalada aliyoyaandaa mhusika. Chuo cha Polisi kipo Kidatu, wilayani Kilombero. Mitihani hiyo ifanyikie hapo.

Lakini linalotutia wasiwasi zaidi ni hili. Askari wa Dar es Salaam ana madarasa ya jioni karibu. Wa Mlimba hana. Posho ikitolewa kwa shahada tupu, kila mwenye ari ya kusoma ataomba uhamisho wa mjini, na bonde litabaki na wasiosoma. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa mwaka 1992, hufundisha kwa masafa. Askari wa Mlimba na Malinyi wapewe ruhusa ya kwenda kwenye mitihani, na anayerudi kituoni kwake alipwe zaidi ya aliyehama.

Fedha zake ziingizwe katika fungu la mishahara, zisingoje maneno "pindi zitakapopatikana", ambayo walimu wanayafahamu vizuri mno.