Nani anakula marudio?

Mkataba wa kwanza niliosaini wa kuandika vichekesho vya televisheni, hapa Dar es Salaam, ulikuwa wa kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulitaja malipo ya kila kipindi. Wa pili, chini kabisa, ulisema kazi yote ni mali ya kituo, kwa matumizi yoyote, wakati wowote, ndani na nje ya nchi. Waigizaji nao walisaini karatasi hiyo hiyo. Kipindi kikapendwa, kikarudiwa Jumapili mchana, kikarudiwa tena mwezi wa Ramadhani, na leo vipande vyake viko YouTube vikitanguliwa na matangazo. Sisi tulilipwa mara moja, siku ya kurekodi. Kituo sikitaji, kwa sababu karatasi ya namna ile wenzangu wengi wameisaini kwingine.

Ninachosema ni hiki: kwenye vichekesho vya televisheni, fedha kubwa haiko kwenye kurekodi, iko kwenye marudio. Anayebaki na haki ya marudio ndiye aliyefanya biashara, na wengine tumefanya kibarua. Jambo hili halikuanza na simu za mkononi. Huko Marekani mke na mume waigizaji waliliona tangu mwaka 1951.

Lucille Ball alikuwa akichekesha kwenye redio ya CBS, katika kipindi cha My Favorite Husband. CBS walipotaka kumhamishia kwenye televisheni, akashikilia kwamba mume wake wa kweli, Desi Arnaz, ndiye awe mume wake wa kwenye kipindi. Wakubwa wakasita. Arnaz alikuwa Mkyuba, kiongozi wa bendi, Kiingereza chake kina lafudhi nzito, nao wakadhani watazamaji hawatamkubali. Mwaka 1950 wawili hao wakazunguka na onyesho lao la jukwaani, mji hadi mji, kuthibitisha kwamba watu wanacheka wakiwaona pamoja. Ndipo I Love Lucy ikapata nafasi.

Ukaja mvutano wa pili, na huu ndio ninaoufikiria kila ninapopewa karatasi ya kusaini. Mdhamini, kampuni ya sigara ya Philip Morris, alitaka kipindi kitoke New York moja kwa moja hewani, kwa kuwa upande wa mashariki ndiko walikokuwa watazamaji wengi. Kikitoka Hollywood, wale wa mashariki wangeonyeshwa nakala. Nakala za siku zile zilitengenezwa kwa kuweka kamera mbele ya skrini ya televisheni na kuipiga picha ile picha, na matokeo yake yalikuwa ukungu mtupu. Ball na Arnaz hawakutaka kuhama Hollywood. Arnaz akapendekeza kipindi kipigwe kwenye filamu halisi ya sinema, ya milimita 35, ili kila mji uone picha safi ile ile.

Filamu ilikuwa ghali, na swali likawa nani atabeba gharama ya ziada. Arnaz akakubali kwamba yeye na mkewe wakatwe dola 1,000 kwa wiki katika malipo yao, kwa sharti moja: filamu zikishaonyeshwa ziwe mali ya kampuni yao, Desilu. Wenye kituo hawakuona ubaya wowote. Kwa fikra za wakati ule, kipindi kilichokwisha kurushwa kilikuwa kimekwisha thamani yake. Nani angekaa kukitazama mara ya pili?

Upigaji wenyewe ulikuwa kazi ya akili. Walimchukua Karl Freund, mpiga picha aliyeshiriki kupiga Metropolis nchini Ujerumani mwaka 1927. Kamera tatu zilipiga kwa pamoja mbele ya watazamaji waliokaa ukumbini, na Freund akapanga taa zitosheleze kamera zote tatu bila kusimamisha mchezo. Mimi ambaye nimekaa studio nikiwatazama waigizaji wakipoa huku taa zikihamishwa kila baada ya mkato, najua ni kiasi gani cha kicheko kiliokolewa pale. Kipindi cha kwanza kilionyeshwa Jumatatu, tarehe 15 Oktoba 1951, saa tatu usiku.

Mwaka wa pili Lucille Ball akapata ujauzito, nao wakauingiza kwenye hadithi. Alihitaji kupumzika, na ratiba haikupumzika. Mtayarishaji, Jess Oppenheimer, akachukua vipindi vya zamani akavirudia, na watu wakavitazama. Filamu zilikuwepo, safi, kabatini. Tarehe 19 Januari 1953 Lucy wa kwenye kipindi akajifungua, na watu wapatao milioni 44 wakatazama. Kesho yake Rais Eisenhower aliapishwa, akatazamwa na milioni 29 hivi.

Kipindi kilisimama Mei 1957, baada ya sehemu 180, kikiwa bado namba moja. Desilu wakawauzia CBS haki za filamu hizo kwa takriban dola milioni 5. CBS ikanunua kwa mamilioni kitu ilichokuwa imekiachia ili kuokoa dola 1,000 kwa wiki. Wakati huo huo Desilu wakanunua studio za RKO, mahali ambapo Ball na Arnaz walikutana mwaka 1940 wakiwa waigizaji wa kuajiriwa. Desilu ndiyo iliyokuja kutoa Star Trek na Mission: Impossible mwaka 1966. Nao CBS hawakupata hasara: mwaka 2012 iliripotiwa kwamba marudio ya I Love Lucy bado yanawaingizia takriban dola milioni 20 kila mwaka. Anayeuza dafu hula siku moja, na mwenye mnazi hula miaka.

Lakini wengi wetu si Lucille Ball. Wengi wetu ni Vivian Vance na William Frawley, waliocheza majirani, Ethel na Fred, watu ambao bila wao nusu ya vichekesho vile ingeanguka. Hao hawakuwa na umiliki. Mtu wa namna hiyo akienda peke yake ofisini ataambiwa asaini au aondoke. Kinachomlinda ni chama. Chama cha waigizaji wa filamu cha Marekani kilianza kupata malipo ya marudio ya televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa idadi ndogo ya marudio, na ikachukua hadi 1974 kupata malipo yasiyo na kikomo. Waigizaji sita wa kipindi cha Friends walielewa vizuri somo hili. Walikataa kuongea mshahara mmoja mmoja, wakaenda wote sita kwa sauti moja, na katika misimu miwili ya mwisho, hadi 2004, kila mmoja alilipwa dola milioni moja kwa sehemu, pamoja na fungu katika mapato ya marudio. Mwaka 2023 waandishi wa Hollywood waligoma siku 148 na waigizaji siku 118, na mojawapo ya madai yao makubwa lilikuwa malipo pale kazi zao zinapotazamwa kwenye intaneti.

Sisi hatujafika huko. Mwaka 2018, mchekeshaji King Majuto akiwa mgonjwa na malalamiko kuhusu mikataba yake yakiwa yamesikika nchi nzima, Waziri Harrison Mwakyembe aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Majuto alifariki Agosti mwaka huo huo. Mtu aliyechekesha nchi hii kwa miongo hakupaswa kusubiri kitanda cha hospitali ndipo mikataba yake isomwe. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999, tunayo COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na bado kijana anasaini ukurasa wa pili bila kuusoma, kwa sababu kamera inasubiri.

Wenye vituo hunijibu kwamba matangazo ni haba na ving'amuzi vimewagawa watazamaji. Nawaamini. Ndiyo maana siombi nyongeza siku ya kurekodi, naomba asilimia ya kinachoingia baadaye. Marudio yasipoleta kitu, sidai kitu.

Na iko hasara ambayo vituo vyenyewe vinaipata. Niliwahi kuruhusiwa kuingia kwenye chumba cha kanda, kutafuta vipindi vyetu vya mwanzo. Rafu zilifika darini, kanda zimesimama kama zilivyopangwa, kila moja na lebo yake. Moja ilikuwa na lebo nene isiyo ya kawaida. Nikainua pembe yake kwa ukucha: juu habari za michezo, chini yake semina ya wizara, na chini kabisa jina la kipindi chetu, kwa mwandiko wa mhariri wetu ninaoufahamu. Walirekodi juu yake, kwa sababu kanda ni ghali na hakukuwa na mtu yeyote mwenye sababu ya kuilinda. Fundi aliyenifungulia aliniambia nyingine nyingi ni hivyo hivyo. Leo YouTube ina kiu ya vitu vile, na kituo hakina cha kupakia isipokuwa vya miaka ya karibuni. Mwandishi na waigizaji wangekuwa na fungu lao katika kanda ile, wangepiga kelele kabla haijafutwa.

Kwa hiyo naitaka COSOTA itoe mkataba wa mfano, kwa Kiswahili, ambao kituo kitalazimika kueleza kwa maandishi kwa nini kimeuacha. Kipengele cha kwanza kitenge fungu la marudio kwa mwandishi na kila mwigizaji aliyetamka neno kwenye kipindi, hewani na mtandaoni. Cha pili kimpe mwandishi nakala ya kila sehemu iliyorekodiwa. Cha tatu kirudishe haki kwa waliotunga, kituo kikikaa miaka mitano bila kukitumia kipindi. Nikipewa vitatu hivyo, kwenye malipo ya siku ya kurekodi niko tayari kukatwa.