Kuwasha Rahisi, Kuzima Ndio Kazi

Nimeadimika, najua... zamu za usiku hazina huruma. Leo nimetoka kazini, chai iko mezani, na nimekasirika kidogo. Ami, hii ni yako!

Ami kaniandikia kwamba wazungu wamejijenga kwa makaa ya mawe, wameshiba, sasa wanatukataza sisi. Kwake yeye, ule mtambo wa Lamu ungejengwa tu. Ami, nakuheshimu, na kwamba walijijenga kwa makaa ni kweli tupu. Lakini mimi ndiye ninayeishi huku, basi nisikize.

Hapa Adelphi tuko kaunti ya Prince George's, Maryland. Kusini kabisa ya kaunti hii, kando ya mto Patuxent, kuna kituo cha Chalk Point, kilichoanza kuchoma makaa mwaka 1964. Jirani yake ni nani? Eagle Harbor, kimji kilichoanzishwa miaka ya 1920 na watu weusi waliotafuta pa kupumzika, maana fukwe za wazungu walikuwa hawaruhusiwi. Waona moshi ulipopelekwa? Makaa yalikuja kuzimwa mwaka 2021. Miaka 57!

Na huo umezimika. Kuna mwingine, Brandon Shores, karibu na Baltimore. Wenyewe walitaka kuufunga Juni 2025. Wakaambiwa ngojeni, nyaya za kuleta umeme kutoka kwingine hazijakamilika, stima itayumba. Sasa unaendelea hadi 2029, na wenye mtambo wanalipwa kama dola milioni 145 kwa mwaka ili wasiuzime. Zinatoka wapi? Kwenye bili za wateja wa stima. Yaani mtambo umezeeka, mwenyewe hautaki, na bado raia analipa!

Sasa turudi kwetu. Lamu walitaka kuweka megawati 1,050 pale Kwasasi. Ami, aliyeupinga si mzungu. Ni wavuvi na watu wa Lamu wenyewe waliokwenda kushtaki. Juni 2019 baraza la mazingira likafuta leseni kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na mwaka 2025 mahakama ya Malindi ikakataa rufaa. Hao ni jamaa zako, wengine umesoma nao chuoni.

Utasema watu wanataka stima. Kweli, wanataka, na ni haki yao. Lakini stima nyingi ya Kenya tayari inatoka kwenye mvuke wa Olkaria, maji, na upepo wa Turkana. Kwa nini tuanze leo kitu ambacho Marekani, pamoja na pesa zake zote, inahangaika kukimaliza?

Na niseme kama nesi. Vumbi laini la moshi wa makaa huingia ndani kabisa ya mapafu na kufika kwenye damu. Nikimshika mkono mgonjwa wa pumu saa tisa usiku siwezi kujua ni moshi gani uliomfikisha pale. Ila najua sitaki nesi wa hospitali ya Lamu ajiulize swali hilo kwa miaka 57.

Haya Ami, uwanja ni wako, nijibu. Nisalimieni bibi, mwambieni napiga simu Ijumaa inshallah.