UCHAMBUZI: Bastola za kale zilizofufuliwa zimeshindwa kuziba pengo?

WAPENZI wa bastola nchini Marekani wamegawanyika tangu Januari 2020, kampuni ya Colt iliporejesha sokoni Python, bastola ya silinda inayobeba risasi sita. Iliundwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1955 na uundaji wake ukakoma 2005. Wapo wanaoapa kwamba kilichorudi ni jina tu.

Madai hayo yana chembe ya ukweli. Python ya kale ilipitia mikononi mwa mafundi waliokaa na tupa, wakisugua kipande kimoja baada ya kingine hadi vioane, kisha chuma kikang'arishwa hadi kumeremeta kama kioo chenye rangi ya samawati iliyokolea. Ile ya 2020 ilianza kuuzwa ikiwa ya chuma kisichoshika kutu, vipande vyake vikiwa vichache na vimechongwa kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta. Baadhi ya wanunuzi wa mwanzo walilalamika kwamba silinda ilikwama.

Lakini wasifu wa kale husahau mengi. Mtambo wa Python ya zamani ulikuwa laini, ila ulichakaa. Nyundo inapoanguka, risasi sharti iwe imesimama sawasawa nyuma ya mtutu. Bastola ikishatumika sana, mpangilio huo ulilegea, na mafundi wanaoweza kuurekebisha wanazidi kupungua. Mpya imeimarishwa sehemu ya juu, na mtambo wake umebuniwa upya. Kwa mtu anayetaka kulenga shabaha kila wiki, mimi sioni sababu ya kutafuta ya babu yake.

Tutazame bei. Mwaka wa 1955 Python iliuzwa dola 125, kiasi ambacho kwa thamani ya 2020 ni kama dola 1,200. Mpya ilitangazwa kwa dola 1,499. Kwa hivyo anayedai kuwa kiwanda kimeuza rahisi kwa kupunguza kazi amekosea hesabu. Kilichopanda ni ujira wa fundi stadi, na hakuna kiwanda kinachoweza kumlipa asugue vyuma siku nzima.

Mzozo wa Smith & Wesson ni wa aina nyingine kabisa, kwa sababu chanzo chake ni siasa. Machi 2000, kampuni hiyo, iliyokuwa mali ya Tomkins ya Uingereza, ilitia saini mkataba na serikali ya Rais Bill Clinton, na mojawapo ya masharti yalikuwa kuweka kufuli ndani ya bastola ili mtoto asiweze kuifyatua. Wateja waliisusia. Tomkins, ambayo ilikuwa imeinunua kwa zaidi ya dola milioni 112 mwaka wa 1987, iliiuza 2001 kwa dola milioni 15 taslimu. Mnunuzi? Kampuni ndogo iliyojishughulisha na kufuli za bunduki!

Tangu hapo tundu dogo la ufunguo limeonekana ubavuni mwa bastola nyingi za Smith & Wesson, hata zile zilizotolewa upya kwa sura ya kale. Wanaozipinga wanasema linaharibu umbo na kwamba kufuli huenda ikajifunga mtu akiwa hatarini. Wenye watoto nyumbani wana hoja yao pia, ingawa kelele zao hazisikiki sana madukani. Katika miaka ya karibuni kampuni imeanza kuuza baadhi ya bastola hizo bila kufuli, na wateja waliosusa kwa zaidi ya miaka 20 wamezipokea kwa furaha.