Mambo ya Nyumbani: Kilicho Mkononi mwa Mzee

Mwezi huu twataka kunena habari ya wazee wetu, na neno letu ni moja tu: heshima ya maneno haimtoshi mzee. Yafaa awe na kitu kilicho chake mwenyewe, akijue kitamfikia lini, na shauri la kukitumia liwe lake. Wala hatutakwenda mbali kutafuta mifano. Ile miwili iliyo mikubwa imetokea katika wilaya yetu ya Muleba, na mmoja ulianzia papa hapa Nshamba.

Hapo kale watu wa Buhaya waliweka akiba ya uzee kwa njia mbili, watoto na kibanja. Kibanja kilitoa ndizi za kula na kahawa ya kuuza, na watoto walikuwa mikono ya kukilima wakati mikono ya mzazi ilipochoka. Aliyekuwa navyo vyote viwili hakuziogopa mvi.

Ndipo ukaja ugonjwa wa UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza waliotambuliwa katika Tanzania walionekana katika mkoa huu wa Kagera mwaka 1983. Watu walikuwa hawajajua ni ugonjwa gani, wakauita Juliana, kwa jina la nguo zilizoletwa na wachuuzi kutoka Uganda. Ugonjwa huu haukuanza na wazee wala na watoto wadogo. Uliwachukua hasa wale wa katikati, wenye nguvu za kulima, kujenga na kulipa ada. Dawa za kupunguza makali zilipoanza kutolewa bure nchini, mwaka 2004, makaburi yalikuwa yamekwisha kujaa migombani. Ikawa bibi aliyetazamia kulishwa ndiye aliyebaki kulisha, na wajukuu wamemzunguka mekoni.

Mtu asiyejua maisha ya hapa aweza kuuliza: Je, migomba haikubaki? Ndiyo, ilibaki, lakini migomba isiyotiwa samadi wala kupogolewa huzaa mikungu midogo, na bibi wa miaka 75 hawezi kazi ya vijana watatu. Tena yako mambo ambayo kibanja hakiyazai hata kikitunzwa vema. Chumvi haioti migombani, wala sabuni, wala viatu vya shule. Hayo yataka fedha, na fedha ndiyo iliyokuwa imekatika.

Sasa tazameni jambo lililofanyika Nshamba. Palikuwapo kwanza kazi ya kuwasaidia yatima, iitwayo Humuliza, maana yake kwa Kihaya ni kutuliza moyo. Waliokuwa wakiwahudumia watoto waliona ya kuwa huwezi kumsaidia yatima ukampita bibi anayemlea. Basi mwaka 2003 Bwana Kurt Madörin, mtu wa Uswisi, pamoja na wenyeji, walianzisha kazi nyingine, ikaitwa Kwa Wazee. Shauri lao lilikuwa jepesi kulieleza: kila mwezi mzee apewe fedha kidogo, iwe kama pensheni yake. Katika miaka ile ya mwanzo zilikuwa shilingi 6,000 kwa mzee, na shilingi 3,000 zaidi kwa kila mtoto anayemlea. Hakuambiwa anunue nini.

Huenda wengine wakadharau kiasi hicho. Lakini mwaka 2008 ilitolewa taarifa ya uchunguzi uliofanywa kwa wazee wa hapa, waliopokea na wale ambao hawajapokea, na jina la taarifa hiyo kwa Kiswahili ni Chumvi, Sabuni na Viatu vya Shule. Jina lenyewe latosha kueleza fedha zilikwenda wapi. Hazikwenda kwenye pombe wala anasa. Zilikwenda mahali pale pale ambapo kibanja hakifiki.

Tena iko faida isiyohesabika kwa shilingi. Mtu ajuaye siku ya kupokea aweza kupanga. Mwenye duka humkopesha chumvi, kwa kuwa anajua atalipwa. Jirani hamkimbii akimwona njiani, maana haji kuomba. Wazee hao wakafanya na vikundi vyao vya kusaidiana, na mtu aliye na chake huingia katika kikundi akiwa mwenzi, wala si mzigo.

Hapa twajua neno litakalosemwa na baadhi ya wasomaji. Watasema: Amri ya kuwaheshimu baba na mama imewekwa juu ya watoto, mzee akipewa fedha na wengine, watoto watalegea. Neno hili si la kupuuza, maana hapana fedha inayoweza kumwogesha mgonjwa au kukaa naye usiku. Lakini fikirini vema. Mwana aliye Mwanza au Dar es Salaam, ambaye kila barua au simu kutoka nyumbani ni ya kuomba, mwishowe huogopa kuipokea. Na mama aombaye kila mara hupungukiwa na sauti yake ndani ya nyumba. Hawezi tena kumwonya mwanawe. Wahenga walisema, Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Walipomwonya mtu asitegemee mkono wa mwingine, hawakuwa wakimharamishia nduguye kutoa. Wajibu wa mtoto haufutwi kwa mzazi kuwa na chake. Bali huondolewa uchungu.

Mfano wa pili ni wa ardhi. Alikuwako mwanamke wa Kihaya, Holaria Pastory, ambaye baba yake alimwachia kwa wosia shamba la ukoo. Alipoona kuwa nguvu zake zimekwisha na hana mtu wa kumtunza, mwaka 1988 aliliuza kwa mtu asiye wa ukoo, kwa shilingi 300,000. Jamaa yake wa kiume, Bernardo Ephrahim, akamshitaki katika mahakama ya mwanzo wilayani Muleba, akidai ya kuwa kwa mila ya Kihaya mwanamke hana amri ya kuuza ardhi ya ukoo. Kweli, kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilisema mwanamke aweza kuitumia ardhi hiyo maisha yake yote, lakini asiiuze. Mahakama ya mwanzo ikatangua mauzo na kumwamuru arudishe fedha. Mahakama ya wilaya ikamrudishia haki yake. Shauri likapanda mpaka Mahakama Kuu ya Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua ya kuwa kanuni ile yapingana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984, na kwamba mwanamke ana amri ileile aliyo nayo mwanamume. Wanaukoo wakitaka ardhi ibaki kwao, na walipe kwanza bei iliyotolewa. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo ikatamka kwamba haki ya mwanamke katika ardhi ni sawa na ya mwanamume.

Ndugu wasomaji, shauri hili si la wanasheria tu. Mama yule hakuuza kwa kudharau ukoo. Aliuza kwa kuwa hakuona mwingine wa kumtunza. Ukoo unaojua kulinda migomba na usijue kumlinda mzee aliyeipanda, umelinda nini? Na watakao shamba la mzee lisitoke, njia yao ni kumtunza akiwa hai.

Serikali nazo zimeanza kuitambua kazi hii. Zanzibar, mwezi wa Aprili 2016, ilianza kumpa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni ya mwezi kwa fedha ya serikali yenyewe. Kiasi cha kwanza kilikuwa shilingi 20,000, bila kuuliza kama alikuwa karani, mvuvi au mkulima. Kenya ilifuata mwaka 2018 kwa wazee wa miaka hiyohiyo. Ni jambo jema, wala halimwondolei mkuu wa nyumba kazi yake. Kazi hiyo twaiweka hapa kwa mafungu manne.

Kwanza, umri wa mzee uwe na ushahidi. Misaada mingi huuliza umri, na wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa. Walimu, fungueni vitabu vya ubatizo vya usharika, mwasaidie kupata maandishi na kitambulisho cha taifa.

Pili, wosia uandikwe wakati akili i timamu, wala usingoje homa. Kwa kanuni za mila, ajuaye kusoma na kuandika huhitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Asiyejua huhitaji wanne, wawili wa kila upande. Ni vema shahidi asiwe mrithi. Na mjane atajwe waziwazi, aonyeshwe nyumba atakayokaa na migomba atakayokula.

Tatu, watoto walio mbali na wapatane kiasi na siku. Shilingi chache zinazofika kila mwezi zamfaa mzee kuliko nyingi zinazofika Krismasi tu. Fedha hizo apewe yeye mwenyewe mkononi, asipelekewe kupitia kwa mtu atakayemhesabia kila senti.

Nne, wewe mwenye miaka 40 leo, uzee wako umekwisha kuanza safari. Panda miti ya mbao pembezoni mwa kibanja, fufua mibuni iliyozeeka, ingia katika kikundi cha akiba, na usiuze kipande cha mwisho cha ardhi kwa ajili ya arusi ya siku moja.

Jioni moja ya juma hili, mkiwa mmeketi pamoja baada ya chakula, mwulizeni mzee wa nyumba yenu: Je, katika nyumba hii ni kitu gani kilicho chako, ambacho waweza kukitumia bila kuomba ruhusa? Kisha mngojeni ajibu. Akikosa jibu, basi kazi ya nyumba hiyo imekwisha kujulikana.