Deni dogo la simu linavyowafungia madereva wa Malindi mlango wa benki

MSIMU wa watalii unapopamba moto mjini Malindi, tuktuk hazipumziki. Huwabeba wageni wa Casuarina, wahudumu wa hoteli waishio Maweni na Kisumu Ndogo, na akina mama wapelekao bidhaa sokoni.

Hata hivyo, si kila ashikaye usukani ndiye mwenye chombo. Wapo madereva ambao kila jioni sharti wampelekee tajiri fungu lake kabla ya kuhesabu chao.

Chukulia fungu hilo ni Sh800 kwa siku, kwa siku 26 za mwezi. Kwa mwezi ni Sh20,800, na kwa mwaka Sh249,600. Baada ya miaka mitatu dereva huyo atakuwa ametoa Sh748,800, ilhali hata gurudumu moja si lake.

Fedha hizo hizo zikielekezwa kwa mkopo zingeweza kumlipia chombo chake mwenyewe. Lakini anapobisha hodi benki, huenda akaelezwa kwamba jina lake limo miongoni mwa wasiolipa madeni, pengine kwa sababu ya Sh2,000 alizokopa kwa simu miaka kadhaa iliyopita.

Hapo ndipo penye kitendawili. Mtu ambaye amemudu kulipa maelfu kila mwezi kwa chombo cha mwingine, anahesabiwa kuwa hawezi kuaminiwa kulipia chake.

Mfumo wa kubadilishana taarifa za wakopaji ulianza kazi nchini Kenya mwaka wa 2010, chini ya kanuni zilizotungwa 2008. Mashirika ya kuhifadhi taarifa za mikopo, maarufu kama CRB, yakiwemo TransUnion, Metropol na Creditinfo, hupokea habari kutoka kwa wakopeshaji na kuzitoa kwa yeyote kati yao anayetaka kumpima mteja.

Mwanzoni zilipelekwa habari za wasiolipa pekee. Kanuni za 2013 ndizo zilizofungua njia ya kupelekwa pia rekodi za wanaolipa vyema. Kwa kawaida mkopo huhesabiwa kuwa mbovu usipolipwa kwa siku 90.

Kisha ikaja mikopo ya simu. M-Shwari ilizinduliwa Novemba 2012, ikafuatwa na KCB M-Pesa mwaka wa 2015 na Fuliza mwaka wa 2019, mbali na programu nyingi za wakopeshaji wasio benki. Mtu ambaye hakuwahi kuketi mbele ya meneja wa benki akageuka mkopaji kwa kubonyeza vitufe tu. Aliyeshindwa kulipa aliingia katika sajili ile ile ya mfanyabiashara aliyeshindwa kulipa mamilioni.

Kwa wakazi wa Kilifi, tatizo ni kalenda. Mikopo mingi ya simu huhesabu siku 30 au pungufu, lakini mapato ya pwani hayafuati mwezi. Mvua za masika zinaponyesha kati ya Aprili na Juni, wageni huadimika na kazi za hoteli hupungua. Kusi linapovuma, wavuvi wa Ngomeni na Watamu hulazimika kupunguza safari za baharini. Fedha hurejea watalii wanapofika na kaskazi linapotuliza bahari.

Dereva wa tuktuk huishi kwa abiria hao. Mhudumu akikosa mshahara na mvuvi akikosa samaki, naye hukosa nauli. Anayekopa Mei kwa matumaini ya kulipa Juni huwa amejiwekea ahadi ambayo msimu hautamsaidia kuitimiza.

Isitoshe, kuna miaka ambayo msimu wenyewe haufiki. Mwaka wa 2014, mataifa kadhaa ya Magharibi yaliwaonya raia wao dhidi ya kuzuru sehemu za pwani. Mwaka wa 2020, Kenya ilisimamisha safari za ndege za abiria wa kimataifa Machi 25 kutokana na Covid-19, na hazikurejea hadi Agosti 1. Hizo ni siku 129.

Ni kweli kwamba serikali iliingilia kati. Mwezi wa Aprili 2020, Benki Kuu ya Kenya iliwazuia wakopeshaji wa mitandaoni wasiosimamiwa na sheria kupeleka majina kwa CRB, na kanuni mpya zikapiga marufuku kuorodhesha mtu kwa deni lisilofikia Sh1,000. Uorodheshaji wa mikopo iliyochelewa kuanzia Aprili 1 ukasitishwa kwa miezi sita.

Mnamo Novemba 2022, Benki Kuu ilitangaza mpango mwingine ambapo benki zilitakiwa kupunguza angalau nusu ya madeni mabovu ya simu, na wakopaji kulipa salio kufikia mwisho wa Mei 2023. Ilikadiriwa kwamba watu zaidi ya milioni 4.2 wangefaidika.

Lakini afueni za aina hiyo huahirisha siku ya hesabu. Hazibadili kalenda ya mapato. Aliyepunguziwa deni na asiweze kulipa nusu iliyobaki alirudi pale pale.

Dereva aliyenaswa afanye nini? Hatua ya kwanza ni kuiona rekodi yake mwenyewe. Kanuni zinampa kila mtu haki ya kupata ripoti yake bila malipo mara moja kwa mwaka kutoka kwa shirika la CRB. Cheti cha kwanza cha kuthibitisha kwamba hana deni bovu pia hakilipiwi tangu 2020.

Ripoti hiyo sharti isomwe kwa makini. Deni huenda lilishalipwa na mkopeshaji akachelewa kutoa habari, au si lake kabisa. Akipinga habari hizo, shirika lina wajibu wa kuchunguza, na lisipokamilisha uchunguzi kwa siku 21 linapaswa kuziondoa.

Ikiwa deni ni la kweli, dawa ya deni ni kulipa. Mazungumzo na mkopeshaji yanaweza kuleta nafuu ya riba au malipo kwa awamu, almuradi makubaliano yaandikwe na stakabadhi zihifadhiwe. Anayejitokeza mitaani akidai kwamba kwa ada fulani atalifuta jina katika CRB ni wa kuepukwa, kwani habari hurekebishwa na mkopeshaji aliyezipeleka na shirika linalozihifadhi.

Jambo ambalo huwashtua wengi ni kwamba kulipa si kufuta. Historia ya deni bovu huweza kubakia kwa miaka mitano tangu lilipomalizwa. Hali hubadilika na kuonyesha kwamba limelipwa, lakini anayetaka kukopesha bado ataliona.

Kwa hivyo kinachohitajika ni historia mpya ya kuifunika ile ya zamani. Metropol, kwa mfano, humpa mkopaji alama kati ya 200 na 900, na alama hizo hupanda kadiri mikopo inavyolipwa kwa wakati. Mkopo mdogo uliolipwa siku yake una uzito kuliko ahadi kubwa.

Njia iliyo karibu zaidi na wenyeji ni chama cha akiba na mikopo. Mjini Kilifi kuna sacco kama Imarika, iliyoanza kama chama cha walimu. Katika sacco, mwanachama huweka akiba kwanza, kisha hukopa kwa kutegemea akiba hiyo na wadhamini wanaomfahamu. Aidha, kanuni za 2020 ziliruhusu sacco zinazosimamiwa rasmi kupeleka taarifa kwa CRB, hivyo nidhamu ya humo inaweza kuonekana na benki pia.

Wapo wakopeshaji wa pikipiki na tuktuk ambao hawatishwi sana na rekodi mbaya, kwa kuwa chombo chenyewe ndicho dhamana. Lakini hatari hiyo huitoza gharama mteja, na anayechelewa hunyang'anywa chombo. Sheria iliyotiwa saini Desemba 2024 iliwaweka wakopeshaji wasiopokea amana chini ya usimamizi wa Benki Kuu. Hata hivyo, usimamizi haumwondolei dereva jukumu la kujumlisha atakacholipa hadi mwisho kabla ya kutia sahihi.

Benki nazo zina hoja. Fedha zinazokopeshwa ni za wenye akiba, na hakuna anayetaka akiba yake ikabidhiwe asiyelipa. Ila tahadhari ni jambo moja, na kumpima mtu wa Malindi kwa ratiba ya karani mwenye mshahara wa kila mwezi ni jambo jingine.

Mkopo unaodai malipo makubwa Desemba na Januari, na madogo Mei na Juni, ungeendana na mapato ya pwani bila kumsamehe mtu hata senti moja. Tajiri mwenye tuktuk analifahamu hilo; mvua ikizidi, yeye na dereva wake huketi wakazungumza. Benki bado haijaketi.