Jiwe la Kale ni Amana



Likizo iliyopita tulikuwa Machakos kwa jamaa zetu, tukipumzika na joto la pwani. Siku ya kurejea Mombasa, tulipokuwa tukifunga mizigo, kijana wetu mdogo alitoa mfukoni kijiwe cheusi, king'aacho kama kigae cha chupa, chenye makali ukingoni. Alikiokota walipokwenda kutembea Lukenya, akataka kumpelekea bibi yake zawadi. Tukamwuliza alikiokota mahali gani hasa. "Sikumbuki, mama," akajibu. "Kule kilimani tu."

Kilima cha Lukenya tunakijua kwa macho sote tunaosafiri kwa barabara ya Mombasa, kwani kiko karibu na Athi River, kabla ya kuingia Nairobi. Wachache wetu tunajua kwamba chini ya miamba yake wataalamu wamefukua zana ndogondogo za mawe za maelfu ya miaka. Baadhi ni za jiwe hilo jeusi, liitwalo obsidiani, lililochukuliwa mbali katika Bonde la Ufa, upande wa Naivasha.

Lawama hatukumtupia mtoto. Siku mbili kabla yake tulikuwa naye Olorgesailie, kwenye barabara ya Magadi, nasi tukamwonyesha mawe bila kumweleza kwa nini yameachwa chini.

Pale Mary na Louis Leakey waliona mwaka 1942 uwanja mzima wa mashoka ya mkono, nayo mengi yameachwa yalipokutwa. Mgeni huyatazama akiwa juu ya njia ya mbao. Shoka la mkono halina mpini. Ni pande la jiwe lililogongwa kwa jiwe jingine upande huu, likageuzwa na kugongwa upande wa pili, hata likapata umbo la tone la maji, lenye ncha na makali kotekote. Kazi zake zilikuwa kama za kisu na shoka nyumbani: kuchuna ngozi, kukata nyama, kuchonga mti. Hapohapo Olorgesailie ilikutwa mifupa ya tembo pamoja na zana za mawe.

Baadhi ya mashoka ya kale zaidi yanayojulikana yalipatikana Kokiselei, magharibi ya Ziwa Turkana, nayo yana umri wa miaka milioni 1.76. Huko Ulaya yanaonekana baadaye sana. Ya kaskazini ya Ufaransa yana miaka kama 700,000. Hata hivyo ufundi wote huo umepewa jina la Saint-Acheul, kitongoji cha mji wa Amiens huko Ufaransa, kwa kuwa wasomi wa karne ya 19 waliyachunguza ya huko kwanza.

Tutafakari jambo moja. Umbo hilo lilidumu zaidi ya miaka milioni moja. Kugonga jiwe ovyo huweza mtoto yeyote. Kulifikisha kwenye umbo lile kwataka jicho lililoona mwingine akifanya na mkono uliokosea mara nyingi. Vijana wa Wamunyu, huko huko Machakos, hujifunza kuchonga vinyago kwa kukaa kando ya mzee mwenye tezo. Nasi mabinti zetu tuliwafundisha kusukuma chapati vivyo hivyo. Ujuzi ni amana ipitayo mkono hadi mkono.

Basi ushahidi wa haya yote uko wapi? Hauko katika jiwe peke yake. Umri wa mawe ya Olorgesailie ulipatikana katika tabaka za majivu ya volkano zilizoyafunika. Kilichokuwa kando yake, mfupa au kipande kilichobanduka, ndicho kinachoeleza lilifanya kazi gani. Likiondolewa mahali pake bila kuandikwa, hubaki jiwe tu, mfano wa barua iliyochanwa anwani na tarehe. Ndiyo maana Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Taifa ya mwaka 2006 humtaka mtu aliyegundua kitu cha kale atoe taarifa kwa Makumbusho ya Taifa na kueleza kilipokuwa.

Kijiwe chetu tulikifikisha kwa wahusika wa makumbusho. Tulipoulizwa kilitoka mahali gani, tulijibu kama alivyojibu mtoto: kule kilimani tu. Tuliona haya.

Wazazi wenzetu, likizo ijayo wapelekeni watoto wakaone. Waambieni mapema: tazama, uliza, piga picha, lakini usiokote. Wakikutana na jiwe lenye makali ya kuchongwa, waliache lilipo, wakumbuke mahali, wamwambie mkubwa. Bibi yake kijana wetu hakukosa zawadi: alisimuliwa safari nzima, akaifurahia kuliko kijiwe.